Mchuzi Ndani ya Mkate

Kwa miaka 35 nilisahihisha insha za wanachuo, na katika miaka hiyo yote kosa nililolipiga wino mwekundu bila huruma ni la mtu kusifu au kulaumu kitu asichokijua. "Umekiona wapi?" nilikuwa nikiandika pembezoni mwa karatasi, na wako walimu wazima leo, wengine nao wameshastaafu, ambao wakikutana nami sokoni hunitania kwa maneno hayohayo. Sina budi basi kukiri mapema. Kipo chakula ambacho nilikisifu, nikakisimulia, na hata kukifundisha darasani kwa miaka mingi, na sikupata kukitia mdomoni mpaka nilipokuwa na umri wa miaka 74.

Chakula chenyewe ni cha mji wa Durban, Afrika Kusini. Nilikisikia Morogoro.

Wasomaji wa rika langu wataikumbuka Mazimbu. Mwaka 1977 serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa ANC shamba lile la zamani la mkonge, nao wakajenga shule waliyoiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Shule ilikabidhiwa kwetu mwaka 1992 na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Katika miaka ya themanini mimi nilikuwa mkufunzi kijana wa chuo cha ualimu mkoani humo, na tulikuwa tukizoeana na walimu wa Mazimbu kwa mpira, kwa midahalo, na kwa kukopeshana vitabu. Mmoja wao alikuwa Mzulu wa Durban, mwalimu wa hisabati. Sitamtaja jina. Sisi tulimwita Bwana Robo, kwa sababu mbili: alifundisha sehemu, yaani nusu, robo na thumni, kwa kukata mkate, na kila Jumamosi, hata pilau iwe imenukia namna gani, alisema angeitoa yote kwa robo moja tu ya kwao.

Robo hiyo ni robo ya mkate. Huchukuliwa mkate mweupe wa sanduku, usiokatwa vipande, ukagawanywa mara nne. Kipande kikachimbwa katikati mpaka kikawa kama kikombe chenye kuta za mkate. Ndani kikajazwa mchuzi wa Kihindi wa maharage, wa kuku au wa kondoo. Kisha ile nyama ya mkate iliyochimbuliwa ikawekwa juu kama kifuniko. Hakuna sahani, hakuna kijiko. Sahani yenyewe huliwa.

Mwaka 1984 tulijaribu kumpikia. Unga wa ngano ulikuwa adimu siku zile na boflo lilipatikana kwa foleni, na hilo tulilolipata lilikuwa la juzi yake. Mke wangu alipika maharage ya nazi, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo. Tulipoyamimina, ukuta mmoja wa boflo ulibomoka na mchuzi ukatiririka mezani hadi kwenye madaftari yangu. Bwana Robo alikula chote, na makombo ya mezani pia. Macho yake yalijaa maji akasema ni pilipili. Pilipili haikuwemo.

Siku hiyo ndiyo alinieleza asili ya chakula hicho. Alisema zamani za ubaguzi, Mwafrika hakuruhusiwa kuketi katika hoteli za mjini, hata zile za Wahindi, wala hakuna aliyetaka kumpa sahani itakayorudi. Basi wenye hoteli wakabuni chombo kisichorudi. "Mkate ulipita dirishani," alisema kwa Kiswahili chake kilichonyooka. Sentensi hiyo niliichukua nikaenda nayo darasani. Kila mwaka nilipofundisha juu ya ubaguzi wa Makaburu niliitumia, na wanachuo waliikumbuka kuliko tarehe zote.

Alirudi kwao baada ya milango kufunguliwa mwaka 1990. Mwaka 1996 aliniandikia nije, nitalala kwake, na tutakula robo tumeketi. Nilijibu kwamba nina mitihani ya chuo. Mwaka uliofuata palikuwa na ujenzi wa bweni. Bwana Robo alifariki mwaka 2001. Mitihani ile sikumbuki hata nani alifaulu.

Nilikwenda Julai 2023, baada ya binti yangu anayesoma Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kunitumia tiketi. Julai ni katikati ya majira yao ya baridi, nami nilibeba koti la Lushoto. Sikulivaa ila usiku. Mchana ulikuwa na jua la upole kama la Tanga mwezi wa nane, watu wakioga baharini. Bahari ni ileile ya Hindi, ila mawimbi yake yana hasira. Hapana mwamba wa matumbawe wa kuyavunja kabla hayajafika ufukweni.

Nilitembea siku tatu kabla ya kula nilichojia. Nilitaka kwanza kujua chakula cha mji mzima, kwa maana huwezi kuhakiki shairi moja kabla hujajua diwani. Nami nilikwenda na kipimo changu cha nyumbani, jambo ambalo mhakiki halali hulisema waziwazi: mimi nimelelewa pwani, kwa mbaazi za nazi, sambusa na biriani ya harusi. Nilidhani chakula cha Wahindi nakijua.

Sikukijua. Nilichokijua ni chakula cha Wahindi wetu, ambao wengi wao ni watu wa Gujarati na Kutch waliovuka na majahazi kufanya biashara. Nasi tulijifunza darasani, na mimi nikafundisha vilevile, kwamba Mhindi barani Afrika ni mtu wa duka. Ilipobidi kuitaja reli ya Uganda, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901 na vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, tuliitaja kwa sentensi moja tu tukarudi dukani. Durban ilinionyesha upungufu wa somo langu. Pale mwanzo wake ni jembe. Tarehe 16 Novemba 1860 meli iitwayo Truro ilitia nanga kutoka Madras ikiwa na watu 342, wanaume, wanawake na watoto, waliofunga mkataba wa miaka mitano kukata miwa ya walowezi wa Kiingereza. Hadi 1911, mwaka uletaji huo uliposimamishwa, walikuwa wameletwa watu 152,184. Mshahara wa mwanamume ulianzia shilingi kumi kwa mwezi. Posho yao ilikuwa mchele, dengu, mafuta, chumvi na samaki mkavu, na mara nyingi mchele ukipunguzwa kwa unga wa mahindi. Wafanyabiashara wa Gujarati walifuata baadaye, wakijilipia nauli, na mmoja wao ndiye aliyemleta kijana mwanasheria Mohandas Gandhi mwaka 1893.

Hayo si habari za pembeni, msomaji wangu, yamo sufuriani. Mchuzi wa Durban ni mwekundu. Wetu ni wa manjano, umepozwa kwa nazi, nao ni mchuzi wa mtu aliyeketi. Wao ni mkali, umejengwa juu ya nyanya, kitunguu na pilipili ya kusaga, na yale majani ya kijani yanayokaangwa katika mafuta mwanzo kabisa mpaka yakalia. Ni mapishi ya watu wa Kitamil na Kitelugu na ya watu wa kaskazini waliopandia Calcutta, waliojikuta kambi moja na kubadilishana sufuria. Nilionja samaki wa ukwaju kwa biringanya, nikaona hapa wametushinda: ukali na uchachu vimeshikana mkono, samaki hakuvurugika. Lakini kila nilipokula nilikuwa nikitafuta kitu nisichokipata, na siku ya pili ndipo nilipotambua ni nini. Hapakuwa na nazi. Mji wa pwani, joto tele, Bahari ya Hindi mlangoni, na katika michuzi yote niliyoonja sikukutana na tui. Kwangu mimi ilikuwa kama kusikia mtu anazungumza lugha ninayoijua, ameacha irabu moja.

Biriani nilitaka kuigombeza. Kwetu Unguja na Mombasa wali hupakuliwa peke yake na mchuzi mzito ukalazwa juu, ili mlaji achanganye kwa kadiri apendavyo. Durban hupikwa pamoja, tabaka kwa tabaka, na ndani yake hutiwa adesi za kahawia, viazi na mayai ya kuchemsha. Adesi ndani ya biriani! Nilimwambia binti yangu kwamba huyu mpishi amemwaga kopo kwa bahati mbaya. Kisha nikakumbuka ile posho ya mchele na dengu, nikanyamaza, nikala. Bado nashikilia kwamba adesi huufanya wali kuwa mzito kama kitabu cha sheria. Mtindi unaoletwa kando ndio unaouokoa. Viazi, kwa upande mwingine, wanavijua kuliko sisi; wanavichagua vile vinavyolainika na kunywa mchuzi bila kusambaratika, na vina hata jina la utani kwa kazi hiyo. Sambusa zao ni ndogo, nyembamba, kavu, na nasema bila haya kwamba nyingi za mitaani kwetu siku hizi zingepaswa kwenda Durban kusoma. Chai ni bure kabisa. Maji ya moto na kifuko, maziwa baridi pembeni, katika mji wenye tangawizi ya kujaza behewa.

Katika soko la Victoria Street niliuziwa bizari iliyoandikwa jina la ulimi wa mama mkwe, eti kwa ukali wake. Vicheko vilikuwa vingi. Mimi sikuinunua, si kwa kuogopa pilipili, bali ningeiweka wapi nyumbani ambako mama mkwe bado yu hai na anasoma miwani ikiwa mezani? Nilipenda zaidi soko la alfajiri la Warwick, ambalo mwaka 2009, mji ukijiandaa kwa Kombe la Dunia, lilipangwa livunjwe lijengwe jumba la maduka. Wenye meza walikataa, Wahindi na Waafrika pamoja, na nilikuta bado wanauza mabungo ya kotmiri kwa makelele yaleyale ya Kariakoo. Karibu na hapo akina mama wa Kizulu huchemsha mahindi katika mapipa tangu usiku wa manane. Nilikula hindi moja nimesimama, na nataka liandikwe katika hesabu.

Mwenye nyumba wa binti yangu, bibi wa Kiislamu wa umri wangu, alinipa nisome kitabu cha mapishi, nami nikakisoma kama nisomavyo kila kitabu, kuanzia dibaji. Ni Indian Delights, kilichohaririwa na Zuleikha Mayat na kuchapishwa Durban kwa mara ya kwanza mwaka 1961 na Women's Cultural Group, chama cha akina mama kilichoundwa mwaka 1954. Bibi Mayat alifariki mwaka 2024. Kuhusu mapishi sina la kusema, kwani mimi hata chai huichemsha ikafurika. Kilichonivuta ni kwamba akina mama hao, ambao wachapishaji wasingewatazama mara mbili, walijichapishia wenyewe, wakakiuza kitabu mwaka hadi mwaka, na mapato wakasomeshea vijana. Nimekaa katika vikao vingi vya kutafuta karo za wanachuo. Hakuna aliyewahi kupendekeza tuuze namna ya kupika biriani.

Siku ya nne nikaenda kula robo.

Hoteli ilikuwa ndogo, mtaa wa nyuma, si mbali na msikiti wa Juma katika barabara iliyokuwa ikiitwa Grey Street na sasa ina jina la Daktari Yusuf Dadoo. Meza sita, sakafu ya mosi nyekundu, kalenda ya muuza matairi. Msichana wa Kihindi aliniita anko akaniuliza: robo au nusu, nyama gani? Nilimwomba robo mbili, moja ya kondoo na moja ya maharage, na binti yangu akanikumbusha habari ya shinikizo la damu. Robo zilikuja juu ya karatasi, na kibakuli cha karoti iliyokunwa kwa kitunguu, pilipili mbichi na siki.

Nitasema kwanza ubaya. Ile ya kondoo ilikuwa na mifupa, na mfupa ndani ya mkate ni sawa na jiwe ndani ya kiatu. Mlaji hana pa kuuweka ila mkononi. Ukali wake uliua ladha ya bizari nyingine zote, nikawa nahisi moto tu. Karoti ile haifikii kachumbari yetu: siki si ndimu. Lakini ile ya maharage! Maharage makubwa, laini, mchuzi mzito wenye jira na nyanya, na mkate ukiunywa taratibu kutoka ndani, kiasi kwamba tonge la kwanza ni mkate na mchuzi, vitu viwili. La kati ni kitu kimoja. Na la mwisho, ule ukoko wa chini uliolowa, ni kitu cha tatu ambacho hakina jina katika kitabu chochote. Ni chakula chenye mwanzo, kati na mwisho. Hakiwezi kuliwa kwa uma, wala nusunusu, wala na mtu anayeogopa kuchafuka. Nilikula kwa mkono wa kulia kama pilau, shati likapata doa, na nikaelewa kwa nini mtu mzima angelilia boflo la juzi.

Kama chakula, basi, nakipa alama za juu, na alama ya maharage iko juu ya kondoo. Iliyobaki ni hadithi yake, nami ndiyo niliyoiuza.

Hadithi zenyewe ni nyingi. Wapo wanaosema ni ile ya marufuku ya hoteli. Wapo wanaosema ni vijana waliobeba vyombo vya wachezaji gofu, ambao hawakuwa na nafasi ya kufika mjini wala bakuli la kuletewa chakula. Wengine huitaja hoteli ya Kapitan iliyokuwa Grey Street, miaka ya arobaini. Na wengine husema ilianzia mashambani kwa wakata miwa. Hii ya mwisho naikataa mimi mwenyewe, maana katika posho ya mchele na unga wa mahindi sioni mkate wa ngano wa kuchimbwa ungetoka wapi. Jina peke yake lina dalili. Wageni hudhani ni sungura, kwa kuwa ndivyo Waingereza wamwitavyo sungura kwa mapenzi. Sungura hayumo. Ni neno bania, la wafanyabiashara wa Kigujarati, na sisi Waswahili tunalijua fika, kwa maana ndilo Baniani wetu. Mabaniani hawali nyama, na ndiyo sababu wazee wa Durban husema ya maharage ndiyo ya asili. Ni chakula cha Baniani, basi. Nilipong'amua hivyo nilikumbuka methali niliyowafundisha wanachuo miaka yote, kwamba Baniani mbaya kiatu chake dawa, tukacheka, na katika darasa moja palikuwa na msichana mmoja wa jamii hiyo ambaye hakucheka. Nilimwona. Niliendelea na somo.

Vijitabu vya watalii vinasema mkate huu uliwaunganisha watu wa Durban. Hapo naweka ile alama yangu nyekundu. Januari 1949 Waafrika na Wahindi wa mji huo walipigana na kuuana; waliokufa walikuwa 142, Waafrika wengi zaidi, wengi wakiuawa kwa risasi za vyombo vya dola. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya kugawa maeneo kwa rangi, na Wahindi kwa maelfu wakahamishwa kwa nguvu kupelekwa Chatsworth na baadaye Phoenix, Waafrika Umlazi na KwaMashu. Julai 2021, katika ghasia zile zilizofuata kufungwa kwa Jacob Zuma, watu zaidi ya 30 waliuawa Phoenix, wengi wao Waafrika. Wote hao, waliouawa na waliowaua, walikuwa wakila robo. Chakula kinaweza kupita kutoka mkono hadi mkono kwa miaka themanini na mikono isijuane. Mwandishi wa kijitabu anayeandika vinginevyo hajaona.

Nami nilikuwa nimeona nini? Jioni hiyo nilinunua robo nyingine mbili za maharage, zikafungwa karatasi, na binti yangu akanipeleka Umlazi kwa mjane wa Bwana Robo. Naye namjua tangu Mazimbu, waliooana kulekule. Alinipokea mlangoni kwa "Shikamoo, shemeji," ingawa amenizidi mwaka mmoja, kwa Kiswahili kilichoshika kutu lakini hakijavunjika. Tukakaa. Akafungua karatasi, akacheka.

Nilimweleza jinsi mumewe alivyonifundisha habari ya chakula hiki, na kwamba nimeisimulia kwa mamia ya walimu: jinsi alivyozuiwa kuingia hotelini, akasimama nje kama mbwa, akapewa mkate dirishani.

"Alikuambia alisimama nje?"

Nilifikiri. "Aliniambia mkate ulipita dirishani."

"Ehe. Ulipita. Yeye ndiye aliyekuwa akiupitisha."

Ndipo nikaelezwa, baada ya miaka 39. Bwana Robo alipokuwa na miaka kumi na mitano aliosha vyombo katika jiko la hoteli ya Kihindi mjini. Alikula jikoni, ameketi juu ya gunia la viazi, pamoja na wapishi wawili wazee wa Kitamil ambao wazazi wao walikata miwa. Walimkatia mkate, wakamfundisha kuhesabu pesa kwa Kiingereza. Kazi yake nyingine ilikuwa kupeleka robo kwenye dirisha la nyuma kwa Waafrika waliongoja uchochoroni, kwa kuwa mwenye hoteli alitaka zitolewe na Mwafrika mwenzao ili pasiwe na maneno. Siku moja aliyenyosha mkono alikuwa baba yake mdogo, kuli wa bandarini. Walitazamana. Baba mdogo akalipa, akashukuru kwa Kiingereza, kama mtu amshukuruye mgeni, akaondoka. Nyumbani jambo hilo halikutajwa kamwe.

Sentensi ilikuwa sahihi. Ni mimi niliyeweka mtu upande mmoja wa dirisha bila kuuliza, kwa kuwa upande ule ndio uliofaa somo langu. Sijui wanachuo wale mamia nitawapatia wapi. Ndiyo maana nayaandika hapa.

Shemeji alichovya kifuniko cha mkate, akaonja, akatikisa kichwa. "Hii haina nazi," alisema.

Nikamwambia Durban hakuna anayetia nazi.

"Najua. Yeye ndiye alikuwa ananisumbua. Tangu turudi. Kila Jumamosi: nipikie ile robo ya Morogoro, ya mke wa mwalimu. Nilikuwa nanunua tui la mkebe. Nilikuwa namimina kwenye mkate, anakula, anasema siyo. Ladha si ile. Mpaka anakufa sikuipata." Alifuta vidole kwa karatasi. "Shemeji, mwenzako anatia kitunguu kabla ya tui au baada?"

Sikujua. Nilitoa simu nikampigia mke wangu, Tanga, nikamkabidhi shemeji, nao wakazungumza muda mrefu, robo zikipoa mezani.